Vigelegele vya Namba Sitini na Nane

Kazi ya Lusekelo ilikuwa kusukumana. Ukitaka kumweleza mtu wa Tukuyu asiyeujua mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mkononi, mwambie hivi: kuna bwana mmoja nyuma, mrushaji, sura yake iko kwenye mabango ya barabarani. Mbele yake yamepangwa majitu matano ya kuwazuia wanaotaka kumvunja mbavu. Lusekelo alikuwa mmoja wa majitu hayo. Mpira hagusi. Akifanya kazi vizuri hakuna anayemwona, maana kamera iko kwa mwenye mpira. Akikosea, mwamuzi anatupa kitambaa cha njano chini, anawasha kipaza sauti na kutangaza namba yake uwanja mzima.

Hilo lilimkera kuliko magoti mabovu na vidole vilivyopinda. Tangu atoke chuoni ameshaachwa na timu nne, na kila walipomwacha walimwambia ana moyo. Moyo! Kama wanamsifia mgonjwa. Mwaka huu timu ya nyumbani, ya Washington, ikamwita kwenye majaribio, akarudi kwenye chumba chake cha zamani kwa mama yake, Germantown. Asubuhi wali, mchana ugali, usiku mayai yasiyo na idadi, na njaa hana, ili mwili usipungue. Kula kulishakuwa kibarua. Miaka thelathini inabisha hodi, na alijua kabisa kwamba hawa wakimwacha, hakuna mwingine atakayepiga simu.

Mchezo wa mwisho wa majaribio ulichezwa Landover, jioni ya Agosti yenye joto la kunata. Mama yake, Domina, hakuja peke yake. Alikuja na kina mama wa kwaya kutoka Adelphi na Langley Park, sare za vitenge, na rafiki yake Bridget, Mkenya, akiongoza msafara. Lusekelo alikuwa amemsihi mama yake asiwalete.

"Mama, hamtaona kitu."

"Nitakuona wewe."

Sehemu kubwa ya mchezo alicheza vizuri, kwa hiyo hakuna aliyemwona. Kisha mrushaji akaachia mpira mrefu, ukadakwa, mdakaji akatimua mbio mpaka mwisho wa uwanja. Watu wakalipuka kwa shangwe. Lusekelo alipogeuka, kitambaa cha njano kilikuwa kimelala karibu na miguu yake. Mpinzani wake aliteleza mwenyewe, yeye alikuwa amemwekea mikono kifuani tu, mahali halali. Haya, nenda kamweleze mwamuzi.

"Kushika. Namba sitini na nane."

Pointi zikafutwa. Sura yake ikajaa kwenye skrini kubwa, jasho na yote. Uwanja ukaanza kumzomea. Na kutoka kona ya juu kabisa, katikati ya zomeazomea ile, vikapaa vigelegele. Virefu, vya harusini. Wenzake wakainua vichwa kutafuta vinakotoka. Mmoja akamuuliza ni ndege gani wale. Lusekelo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Usiku ule alipitiliza moja kwa moja chumbani, akafunga mlango. Asubuhi akaitwa ofisini. Kocha akamwambia ana moyo. Lusekelo akatia viatu vyake kwenye mfuko mweusi wa takataka, kama wanavyofanya wote wanaoachwa, akaingia garini. Foleni ya kurudi Germantown ilimpa muda wa kutosha wa kupandisha hasira.

Alimkuta mama yake jikoni, anasonga ugali kwenye sufuria lile kubwa.

"Wameni-cut, Mama."

Mama akazima jiko. "Pole, baba."

"Usiniambie pole! Mnajua jana mlikuwa mnashangilia nini? Ile ni penalty! Walini-announce kwa sababu nimeharibu, na ninyi mnapiga vigelegele! Miaka yote hii, Mama, hujui hata kazi ninayofanya!"

Alisema mengi. Alisema ya timu zote nne, ya magoti, ya mayai, ya mwamuzi kipofu, mpaka sauti ikakwaruza.

"Kitambaa cha njano ni kosa," Mama alisema Lusekelo alipomaliza. "Ukimshika mtu, mnarudishwa yadi kumi. Nilijifunza ukiwa high school, nikikaa kule juu na blanketi langu. Ulidhani nilikuwa naangalia nini, mpira? Mimi huo mpira sijawahi kuuona. Nakuangalia wewe. Na jana hukumshika yule kijana. Aliteleza."

Lusekelo akaegemea mlango wa jikoni.

"Sasa vigelegele vya nini?" aliuliza.

"Uwanja mzima unamzomea mwanangu, mimi nikae nimefunga mdomo? Hata Bridget aliniuliza, 'Kwani amescore?' Nikamwambia wewe piga, tutaulizana baadaye."

Lusekelo akavuta kiti, akaketi, akajifuta uso kwa kiganja. Mama akachukua sahani yake, ile pana, akaanza kumpakulia kama siku zote, ugali juu ya ugali.

"Kidogo tu, Mama."

Mama akasimama na mwiko mkononi, akimtazama. Kisha akarudisha nusu kwenye sufuria.