Mbao za Morris ya Mzee Mansoor

Jamani, mafundi! Kama kuna watu walioletwa duniani kumpandisha Othman presha, basi ni mafundi seremala, na katika hao wote hakuna anayemfikia Rwegoshora wa Kituntu. "Kesho, bosi." "Iko kwenye vanishi, bosi." Vanishi gani, na miti yenyewe bado imesimama shambani inatoa majani?

Kazi haikuwa ya kutisha, kwa maoni ya Othman, ambaye hajawahi kushika randa maishani mwake. Gari la baba yake, Morris ya zamani, upande wa nyuma limejengwa kwa fremu ya mbao: nguzo za ubavuni, mapaa, na milango miwili inayofunguka kama ya kabati. Mchwa waliila fremu yote wakabakiza vioo na bawaba. Rwegoshora aliambiwa atengeneze nyingine kama ileile, kipande kwa kipande.

Haraka ilikuwa ya Mzee Mansoor. Mzee huyu, aliyeuza vitambaa na chumvi kutoka dukani kwake Kayanga mpaka Bugomora, kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kidogo kidogo. Alisahau kama ameswali au bado. Akasahau wajukuu. Na tangu Ramadhani iliyopita alimsahau hata Othman, mwanawe wa kumzaa, akawa anamwita "kijana wa duka." Kila asubuhi: "Kijana wa duka, gari langu liko wapi?" Othman akaona hapo ndipo pa kushika. Kama mzee bado analikumbuka gari, akiliona lilivyokuwa huenda na mwanawe akamkumbuka. Ilimuuma sana, usimwone anafoka tu.

Fremu ya kwanza Rwegoshora aliitengeneza kwa mgrevilea mbichi. Jua lilipoipata ikajipinda, milango ikagoma kufunga, na Mzee Mansoor akaitazama, akasema, "Hili si gari langu," akaenda zake na fimbo yake. Othman akampigia fundi simu katikati ya duka, wateja wote wanasikia.

"Rwegoshora, nataka mbao kavu! Kavu! Hata kama utapasua kitanda unacholalia, mimi sijali!"

"Nimekuelewa, bosi."

Alielewa kweli, na hiyo ndiyo ikawa balaa.

Fremu ya pili ilipofungwa kwenye gari, Othman aliizunguka mara mbili akitafuta kasoro, asiione. Maungio yalishikana vizuri, milango ilifunga kwa kusukuma na kidole. Gari likakaa uani, vioo vimefungwa, jua linawaka. Baada ya adhuhuri Othman akafungua milango ya nyuma. Akaruka nyuma kama aliyepigwa kofi.

"Mwanamisi! Hebu njoo unuse!"

Mkewe akaingiza kichwa, akakitoa haraka, akaziba pua kwa mtandio. "Baba Nasreen, si kilabu cha pombe hiki?"

Rwegoshora, aliyekuwa akikaza bawaba, ghafla akapata kazi nyingi chini ya gari.

"Toka huko uvunguni! Hizi mbao umezitoa wapi?"

Fundi akatoka taratibu, anajifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Bosi, ulisema kavu."

"Nilisema kavu, sikusema zilizolewa!"

"Ni mtumbwi wa marehemu baba. Ule wa kukanyagia ndizi za pombe ya rubisi, obwato. Gogo moja zima, limekaa bandani tangu amefariki. Karagwe yote hupati mbao kavu kama ile. Niliukosha kwa maji ya moto, waitu, nikaupiga randa mpaka ukawa hauna harufu kabisa. Sasa hili jua..."

"Sasa hili jua!" Othman alijishika kichwa. "Baba yangu hajawahi kuonja hata tone. Mtu wa msikiti! Leo nimpandishe ndani ya pipa la rubisi? Ng'oa! Ng'oa yote, leo hii!"

Rwegoshora akainamisha kichwa. "Huo mtumbwi ndio alioniachia baba, bosi. Nisingeupasua kwa ajili ya mtu mwingine."

"Mimi nilikutuma?"

Alikuwa amemtuma, na alijua. Ndiyo maana alizidi kupiga kelele, na kelele zikamtoa Mzee Mansoor ndani. Fimbo ikasikika barazani, ko, ko. Othman akakimbilia milango aifunge, akachelewa. Mzee alishaingiza kichwa ndani ya gari. Akanusa. Akanusa tena, akakunja uso. Mwanamisi akasema kimya kimya, "Ya Rabi, stara."

Mzee akageuka, akamtazama Rwegoshora juu mpaka chini, akainua fimbo.

"Rwezaura! Nimekwambia mara ngapi? Nikikupa lifti ya kwenda gulio la Bugomora, dumu lako la rubisi lipakate! Usiliegemeze kwenye mbao zangu! Ona sasa limemwagika. Nitaingiaje msikitini na harufu hii?"

Rwezaura ni baba yake Rwegoshora, huyohuyo mwenye mtumbwi, na amekufa zamani. Fundi akavua kofia.

"Shikamoo, mzee. Nisamehe. Sitarudia."

"Kila gulio hutarudia! Kila gulio! Mtu mzima hovyo!" Mzee akapapasa nguzo ya mlango, akaifuata kwa kiganja mpaka chini. "Gari langu zuri hivi." Kisha akageukia upande wa pili, hasira bado imempanda. "Na wewe Othman, umesimama tu hapo umekodoa macho? Fungua milango yote lipate hewa!"

Othman akafungua. Akaisukuma ya nyuma mpaka mwisho, akaenda mbele akafungua wa dereva, akazunguka akafungua na wa abiria, kisha akabaki ameushika asijue afanye nini na uso wake.

Rwegoshora akamsogelea. "Bosi," akanong'ona, "bado ning'oe?"

"Thubutu uone," akasema Othman.