Kipandio cha Arobaini na Mbili

Sheikh alifika saa mbili kasorobo asubuhi, kama kawaida yake, akijikokota kwa mikono. Alikuwa na jozi moja ya ndara na aliivaa viganjani. Miguu ilikataa kazi tangu utotoni, naye alishaisamehe. Akaketi chini ya ngazi za madrasa, akahesabu vipandio. Arobaini na kimoja. Jana vilikuwa arobaini.

"Kamati imekutana," alimwambia mfagizi.

"Imekutana, Sheikh. Wameahidi tena kukujengea njia ya mteremko."

Vilikuwa kumi na viwili mwaka ule darasa lilipohamishiwa ghorofani ili kamati ipate ofisi chini. Kila walipoahidi, kikazidi kimoja. Fundi aliitwa, akapima, akasema jengo ni lilelile, ghorofa ni moja, ila ngazi zimeongezeka. Akanywa chai, akaenda zake.

Mwanzoni wanafunzi walimbeba mgongoni. Vilipofika ishirini na vitano mmoja aliteleza, Sheikh akavunjika bega, akasema basi. Tangu hapo wao walisoma juu, dirisha wazi, naye akawasahihisha kwa sauti kutoka chini.

Asubuhi hiyo walikosea aya. Sheikh akapaza sauti. Wakakosea vilevile. Akapaza tena, mpaka akakohoa, nao wakarudia kosa lilelile kwa sauti tamu kabisa. Sauti yake haikufika tena. Miaka thelathini ya kufundisha, na leo haikufika.

Mwenyekiti wa kamati alisikia yote. Mlango wa ofisi yake ulikuwa hatua nne tu kutoka pale. Sheikh ndiye aliyemfundisha kusoma, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kumbeba. Dawa aliijua tangu siku ya kwanza: kupandisha juu meza mbili na kabati moja, basi. Lakini ofisi ilikuwa na feni nzuri, na cheo chake kilikuwa kimeshapakwa rangi mlangoni.

Akatoka, akachuchumaa.

"Nisamehe, mwalimu wangu. Naona aibu hata kukutazama. Wallahi, safari hii naku..."

Sheikh akamziba mdomo kwa kiganja chenye sugu.

"Nyamaza, mwanangu. Usiniongezee."

Mwenyekiti akainuka. Akarudi ofisini, akafunga mlango taratibu, akakaa chini ya feni. Ahadi akaimalizia moyoni.

Nje, Sheikh alisogeza ndara zake kukipisha kipandio cha arobaini na mbili.