Plasta Ubavuni mwa Kerubo

Dada yangu Kerubo alisimama mbele ya kanisa letu la huku ughaibuni, pale Crystal, akainua blauzi kidogo ubavuni, akatuonyesha plasta isiyozidi kidole gumba. Kanisa zima likapiga makofi. Saratani tuliyoijua sisi ni ya kupasuliwa tumbo, kisha mchango wa kusafirisha maiti. Hii ya plasta ilikuwa ngeni.

Ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye utumbo ukahamia kwenye ini. Daktari alipenyeza sindano ndefu kupitia ngozi, huku akitazama njia kwenye skrini, akavichoma vivimbe viwili kwa joto. Kesho yake Kerubo alikuwa nyumbani akisonga ugali. Lakini daktari alituonya kwamba ugonjwa uliosambaa huchipuka tena kama magugu, hivyo arudi kupigwa picha kila miezi mitatu. Kivimbe kipya kikionekana kingali kidogo, sindano itakiwahi. Kikiachwa kikue, basi.

Kerubo alikuwa nesi kule Anoka. Alielewa hayo kuliko mimi.

Ila Pasta Zadock alishafundisha kwamba aliyeshuhudia uponyaji harudi kuutafuta ugonjwa. Siku ya picha nilimfuata dada na gari, theluji ikianguka, nikamkuta amejifunga leso, hajavaa hata viatu.

"Nishatoa ushuhuda, Moraa," aliniambia. "Nikirudi kwa scan, niwaambie nini? Ati Mungu alifanya half job?"

"Waambie daktari anakungoja."

Akaniambia imani yangu ni haba tangu utotoni, akaenda kuchemsha chai. Nilimpigia pasta nikamsihi azungumze naye. Akanijibu kwa upole kwamba ataniombea. Sijawahi kuchukia upole wa mtu kama ule.

Dada alirudi hospitali majira ya joto, macho yamekuwa manjano. Daktari aligeuza skrini tuone ini lilivyojaa madoa. Kerubo akauliza kama sindano bado ingefaa.

"Ingefaa wakati wa theluji," daktari alisema.

Wenzetu husema sikio la kufa halisikii dawa. Sikio la dada yangu lilikuwa zima, walioliziba nawajua.

Kwenye ibada ya mazishi Pasta Zadock aliomba taa zipunguzwe, akawasha video ya ushuhuda. Kerubo akatokea pale ukutani, amenawiri, anacheka, akainua blauzi. Nilikuwa kiti cha mbele, cha wafiwa. Nyuma yangu watu walipiga makofi tena, na pasta ndiye aliyeanza.