Puto Juu ya Viatu

Mchora katuni alilifungua gazeti palepale kwenye meza ya muuzaji, akauona ukurasa wake, damu ikamchemka. Kisanduku cha mwisho alikuwa amekiacha bila neno hata moja, tena makusudi: mama mjane amepiga magoti, anang'arisha viatu vya marehemu mumewe, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka thelathini. Basi. Mwenye macho angeelewa. Sasa pana puto jeupe la maneno, limevifunika viatu vyote viwili, mkia wake umechongoka hadi mdomoni mwa mama: "Afadhali! Leo nalala kitanda kizima!"

Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mhariri. Hata salamu hakutoa.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi," mhariri alisema, akikoroga chai. "Kisanduku kilikuwa kitupu, dada. Ulisahau."

"Sikusahau!"

"Katuni lazima ichekeshe, bwana. Watu wamecheka mpaka basi, simu haziishi."

"Yule ni mama yangu mzazi! Ulipoviona viatu hukuelewa?"

"Viatu gani?" mhariri akauliza, na wala hakuwa anatania.

Hilo ndilo lililomkata maini. Miaka sita mizima alikuwa akimchorea mtu asiyejua kutazama picha! Akatoka bila kuaga, mlango akaubamiza mpaka kalenda ikaanguka.

Nyumbani balaa lilikuwa limeshatangulia, maana jirani alikuwa amemletea mama gazeti. Mama hakujua kusoma, lakini katuni za bintiye alizifuata kisanduku kwa kisanduku, kidole kikitembea, na hakuna kilichompita. Hii ndiyo aliyoisubiri wiki nzima. Alikubali kuchorwa kwa sharti moja tu: viatu vionekane vinang'aa.

"Viatu vya baba yako viko wapi?"

"Vimefunikwa, mama."

"Na nini?"

"Maneno."

Kidole cha mama kilifuata mkia wa puto taratibu, kikaishia mdomoni mwa yule mwanamke aliyefanana naye mpaka kifungo kilichokatika kwenye gauni.

"Kumbe ninayesema ni mimi. Nasemaje?"

Binti angeweza kumdanganya. Alilifikiria hilo, akajichukia kwa kulifikiria. Akasoma neno kwa neno.

Mama hakulia. Alilikunja gazeti mara nne, akaingia chumbani, akatoka amevaa lile gauni la kwenye katuni, kifungo hakuna.

"Twende kwa huyo bwana. Kanitia maneno mdomoni, atayatoa mwenyewe nikiwa namtazama. Na viatu, alisemaje?"

"Aliuliza, viatu gani."

Mama akarudi chumbani, akainama uvunguni mwa kitanda, akavitoa, akavifuta vumbi kwa pindo la gauni.

"Basi tumpelekee," alisema, akavitia kwapani.