Dhiraa Moja ya Ukimya

...tena kiti chenyewe kinalia, studio imetandikwa zulia mpaka ukutani, imewekewa kioo cha matabaka mawili, halafu mgeni anapewa kiti kinacholia kama mlango wa banda la kuku, enzi zake kiti cha namna hii kingetupwa nje kabla maiki haijawashwa, na Fundi, mzee aliyekuwa akirekodi santuri enzi hizo, akajibana asitikisike, mikono magotini, hedifoni zimemkaba masikio, miaka sabini na tatu na bado studio inamkalisha kama mwanafunzi, na ndani ya hedifoni kinanda kilikuwa kimeshaanza, taratibu, besi inakifuata kwa nyuma, ndiyo yenyewe, "Nirudishie Kofia," dakika sita na sekunde kumi, na mtangazaji, binti mwenye miwani myekundu, akaonyesha taa juu ya mlango kwamba imezimika, hawasikiki hewani, akasema, "Tulieni tu wazee wangu, wimbo ukiisha nakuja kwako Fundi, nakuuliza kuhusu ule ukimya," ule ukimya, anasema huku anatabasamu, hajui hili wala lile, hajui kwamba mzee aliyekaa mbele yake ameuogopa ukimya huo miaka arobaini na mmoja, kwamba leo asubuhi amejiapiza mbele ya kioo cha bafuni huku povu la sabuni likimkaukia kidevuni, leo nasema, leo natua mzigo, wote waliokuwemo chumba kile cha kurekodia wameshakufa nimebaki mimi, basi, akaja, akapanda ngazi zote bila kupumzika, akafungua mlango, akamkuta nani, mjane wa Mapafu, mpiga tarumbeta wa wimbo huu, kakaa, mkoba mapajani, kapendeza, "Shemeji! Kumbe bado upo?" na ujasiri wote ukamwagika pale pale mlangoni, maana hakuna aliyemwambia kwamba mjane naye kaalikwa, na utamwambiaje mwanamke, siku ya kukumbuka miaka ishirini tangu mumewe azikwe, kwamba jambo linalomsifisha marehemu kuliko yote hakulifanya yeye, lilifanywa na wembe...

...na sasa ndani ya hedifoni Mapafu mwenyewe kaingia, jamani, tarumbeta ile, watu walimpa jina hilo wakidhani anapuliza kwa nguvu, wala, alikuwa anapuliza kidogo tu, kidogo kiasi kwamba unasogea umsikie vizuri, ukishasogea umekwisha, ndiyo maana mpaka leo, dereva wa lori aliyemletea jirani yake juzi mzigo wa matofali alikuwa anaupiga wimbo huu ndani ya lori, daktari wa meno anaupiga, mjukuu wake Fundi wa miaka kumi na mitano anao kwenye simu, "Babu, huyu mtu ni noma," noma, na aliyempiga huyo noma picha ya sauti ni babu yake, na aliyemkata ni babu yake, siku ile ya kurekodi, chumba kina joto, feni imezimwa isiingie kwenye maiki, Mapafu kapiga mara mbili tu na kusema midomo imechoka hapigi tena, mara ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu mpaka dakika ya nne, fimbo ikamponyoka mpiga ngoma, ta-ta-ta sakafuni, mara ya pili mwanzo ulipwaya lakini mwisho ulikuwa wa kumtoa nyoka pangoni, basi kazi nyepesi, chukua mwanzo wa ule, chukua mwisho wa huu, kata utepe wa kurekodia kwa wembe, unganisha, kila fundi alikuwa anafanya hivyo, na katikati unaweka kwanza kipande cha utepe mweupe, utepe usioshika sauti, kuwa alama, ili jicho lione kiungo kiko wapi, ukishasikiliza ukaridhika unautoa mweupe, unaunganisha sauti kwa sauti, umemaliza, wenzake waliweka kipande chochote, cha kidole, cha shibiri, yeye mtoto wa fundi cherehani aliweka dhiraa, kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, vile alivyomwona baba yake akipima kitambaa, na akafanya lile ambalo mwalimu wake alimkataza tangu siku ya kwanza, aliandika lebo kabla ya kumaliza, lebo huandikwa mwisho, bwana, lebo maana yake kazi imekwisha, lakini mkono wake ulikuwa na haraka siku hiyo, na simu ya ukutani ikalia, mama mkwe, "Wewe bado uko kazini? Mkeo kashajifungua, ni msichana," akatoka mbio, wembe umo mfuko wa shati, hakuaga, hakufunga mashine, na dereva wa kiwanda cha santuri akaja, akaona utepe, akaona boksi, akaona lebo, akachukua...

...kesho yake meza tupu, hakuna kitu, akasimama pale huku ana harufu ya mtoto mchanga begani, akasema nitapiga simu kiwandani, akasema baada ya chakula cha mchana, akasema kesho, akafyata, ndivyo ilivyokuwa, hakuna cha kupamba, alifyata mdomo kwa sababu alikuwa na mke mzazi na mkataba wa miezi mitatu, na santuri ikatoka, na katikati yake, pale wimbo unapopamba moto, kila kitu kinakatika, sekunde mbili na nusu, si tarumbeta, si ngoma, hata ule mvumo mdogo wa mashine haupo, maana utepe mweupe haushiki hata mvumo, shimo, na akasubiri kufukuzwa, na badala ya kufukuzwa ikaanza sifa, mtu mmoja akaandika gazetini kwamba Mapafu ameufundisha muziki kunyamaza, profesa akaandika sura nzima, sura nzima! eti ule ni ukimya ulio mtupu kuliko ukimya wowote, na hapo profesa alikuwa sahihi bila kujua kwa nini, na Mapafu alipokuwa akiupiga jukwaani akawa ananyamaza pale pale, watu wanashika roho, wanangoja, sekunde mbili na nusu, ukumbi mzima, Fundi alisimuliwa tu, hakuwahi kwenda, na redioni ukipigwa alikuwa anazima, kila mara, dakika ya nne haijafika mkono umeshafika kwenye kitufe, mkewe akidhani mumewe anauonea wivu muziki, binti yake akilalamika, "Baba, huu ni wimbo wa siku niliyozaliwa, niachie," na hakumwachia, Mungu amsamehe, na Mapafu mwenyewe alikutana naye mara tatu baada ya hapo, mara moja kwenye korido ya studio, mtu mzima yule, alimshika mkono akaunyoosha, akautazama juu chini kama anayechagua kitambaa, akacheka mpaka akakohoa, "Fundi, mkono haujambo?" akaenda zake, na Fundi akabaki anajiuliza kalewa au kaniona, kalewa au kaniona, miaka yote hiyo...

"...jikoni kwangu, mwanangu, mwezi mzima," mjane alikuwa anamwambia mtangazaji, na mtangazaji anacheka kakunja miguu, dakika mbili na nusu za wimbo sasa, saa ya ukutani inasema, Mapafu anazunguka zunguka kwenye ile sehemu ya kati, anaacha noti moja ining'inie, anaifuata polepole kuichukua, na Fundi akasogeza hedifoni upande mmoja, si kwa kutaka umbea, ila jina la jikoni na la Mapafu hayakuwahi kukaa pamoja kichwani mwake, "...anasimama pale karibu na sufuria zangu na tarumbeta, mimi nashika kijiko, nagonga meza, ananyamaza, naangalia saa, nasema bado, bado, sasa! Akiwahi tunarudia, mboga zinaungua," na mtangazaji, "Kwa hiyo alikuwa anafanya mazoezi ya kunyamaza?" na mjane, "Angefanyaje, wakati santuri imeshatoka na lile shimo lake?"

Shimo. Kasema shimo. Hakusema ukimya, shimo ndilo neno la fundi, na kiti kikalia maana Fundi alikuwa amegeuka mwili mzima, na mjane wala hakushusha sauti, anaeleza vile mtu anavyoeleza habari za harusi ya zamani, kwamba Mapafu alileta santuri nyumbani, akaiweka, ilipofika pale ikakatika, akatukana tusi ambalo hawezi kulirudia na maiki iko karibu hata kama imezimwa, akavaa viatu, anakwenda kumvunja mtu shingo, "Kafika mlangoni, mwanangu, kasimama. Akaniambia, hebu irudishe. Nikairudisha. Akasikiliza akiwa na viatu. Akaniambia tena, irudishe. Mara ya tatu akakaa akavua kiatu kimoja, akasema, 'Mke wangu, mimi napuliza tangu utoto na sijawahi kumwachia mtu nafasi ya kunitamani.' Akavua na cha pili," na mtangazaji kaziba mdomo kwa mkono, na Fundi akasikia sauti ikitoka, nyembamba, ikamchukua muda kujua ni yake, "Alijua?" na mjane akageuka, akamtazama kwa mshangao kabisa, "Alijua nini, shemeji? Kwamba ni wewe? Chumba kile alikuwemo nani mwingine mwenye wembe? Na huo mkono wako, si aliupima kwa macho! Alisema, yule mtoto wa fundi cherehani kaniachia dhiraa nzima, ningempata mwenye mkono mfupi nisingepata raha hii," na akacheka, na Fundi akasema, "Sasa mbona hakuniambia?" lilitoka kwa hasira kidogo, miaka arobaini na mmoja, shemeji, mbona hakuniambia, na mjane akampiga kofi dogo begani, "Nilimuuliza. Akasema ukimwambia atajivuna, santuri ijayo atatuachia shimo la dakika nzima!"

...na kicheko kikampanda kutoka tumboni, kikakuta machozi yako njiani, vikatoka pamoja, akatoa leso, akaikosa pua, mtangazaji anauliza, "Mzee wangu, uko sawa? Nikuletee maji?" akatikisa kichwa, sawa, sawa sana, hujui tu, kumbe ni hivyo, kumbe hakumdanganya mtu, yaani alidhani ameiba kitu cha mtu na kumbe mwenyewe alikikuta, akakigeuza geuza, akakivulia viatu, akakifanya chake, mwezi mzima jikoni na kijiko, hiyo si kazi ya wembe, hiyo ni kazi ya Mapafu, na mkono ule koridoni ulikuwa shukrani, ee Mola, ulikuwa shukrani na yeye akauogopa, akakwepa mtaa mzima wa yule mtu kwa miaka, angeweza kwenda kwake, angekaribishwa chai jikoni pale pale, hilo linauma, hilo halitafutika leo wala kesho, lakini linauma pembeni tu, na ule uzito wa kifuani, ule aliokuwa amezoea mpaka akadhani ni umri, haupo, akautafuta, haupo... na saa ya ukutani, dakika tatu na sekunde hamsini, mkono wake umeshaanza kwenda wenyewe, unatafuta kitufe cha kuzima, mazoea, na hapa hakuna kitufe, kipo upande wa mtangazaji, basi akaushusha mkono mezani, kiwiko chini, kiganja wazi, vidole vimenyooka, mkono wa mzee sasa, mishipa nje, urefu ni ule ule, na akarudisha hedifoni masikioni, na mjane pembeni yake kashika kalamu ya mtangazaji, anangoja, Mapafu anapanda, anapanda, wimbo umepamba moto...

...na shimo, na mjane akagonga kalamu mezani mara moja, na mle ndani hakuna kitu, hata mvumo, urefu wa mkono wake, na Fundi akangoja, kwa mara ya kwanza tangu binti yake azaliwe akangoja mpaka mwisho, akagundua anasogea mbele, yeye, aliyekata utepe mwenyewe, anasogea kama dereva wa lori, kama mjukuu, anamtamani mtu aliyekufa, rudi basi, rudi, na kalamu ikagonga, na kabla ya noti ikaja pumzi, pumzi ya mtu kuvuta hewa, ndogo, ya karibu kabisa, ilikuwepo kwenye utepe wa pili siku zote na hakuwahi kuisikia ikitokea upande huu wa kimya, kisha Mapafu akaingia, chini, taratibu, kama aliyetoka kidogo kufunga mlango na sasa amerudi kuendelea na mazungumzo, na ndicho watu wanachokipenda, wala si ukimya, profesa kakosea sura nzima, ni kurudi, ni kwamba anarudi, kila mara unapouweka anarudi, na binti yangu nilimzimia hiki, nitampigia simu leo hii hii, nitamwambia kaa chini, usizime... taa juu ya mlango bado imezimika, zimebaki dakika mbili na kitu, mtangazaji anapanga karatasi zake, swali ni lile lile na Fundi hajui bado atalianzaje, ataanza na lebo, au ataanza na simu ya mama mkwe, watacheka, acha wacheke, akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, kiti kikalia, akakiacha kilie.