Shanga za Buluu za Chileshe

Chileshe hakuwa mtu wa kushindwa na chupa tupu. Jumatatu moja ya mwaka 1984, siku nne kabla ya kutetea kazi yake ya mwisho pale chuo kikuu cha Lubumbashi, alifungua kabati la maabara akakuta chumvi ya kalsiamu imekwisha, hata chembe hakuna. Kuagiza nyingine Kinshasa? Weee! Ingefika akiwa bibi. Na asipowaonyesha majaji hamira iliyo hai ndani ya shanga za jeli, basi anarudia mwaka mzima, na kule mtaani kwao Katuba mama yake ameshaalika majirani kwenye karamu.

Kazi yenyewe ukiiona utadhani ni mchezo wa jikoni. Unachanganya hamira na uji wa aljinati, ule unga unaotoka kwenye mwani, unaudondosha tone kwa tone kwa bomba la sindano ndani ya maji ya kalsiamu. Kila tone likigusa maji linaganda, linakuwa shanga. Hamira inabaki ndani, maana ni kubwa, haipiti kwenye matundu ya jeli. Sukari ni ndogo, inapenya polepole na kuilisha. Hamira ikila inatoa hewa, na mapovu yanapanda. Hakuna mapovu, hakuna diploma.

Sasa, mtoto wa Lubumbashi akikosa kitu anatazama kilichopo, na kilichopo ni shaba. Chileshe alikuwa amesoma mahali kwamba shaba nayo inagandisha aljinati, tena kwa nguvu zaidi, na pembeni kulikuwa na debe zima la chumvi yake. Akadondosha. Mungu wangu, uzuri gani ule! Shanga za buluu, ngumu, duara kabisa. Profesa Mwansa, msimamizi wake, mchoyo wa sifa kupita wote, alizishika kwenye kiganja akamwita "raia" kwa Kifaransa, kama ilivyokuwa desturi enzi zile: "Citoyenne, hizi ziko muzuri kabisa. Shaba yetu! Utazileta Ijumaa."

Chileshe akavimba kichwa. Akaziweka kwenye maji ya sukari, akasubiri mapovu. Jumanne hakuna. Jumatano hakuna. Labda jeli imekaza mno, alijiambia, sukari imekosa njia. Akaisuuza shanga moja, akaipasua kwa wembe, akagusisha ulimi kwenye kiini chake.

Tamu. Sukari ilikuwa imefika hadi katikati. Halafu, nyuma ya utamu, ukaja ukali wa kulamba sarafu ya makuta, akatema mara tatu. Ndipo akaelewa. Matundu yaliyopitisha sukari yaliipitisha na shaba, maana hayaulizi mgeni ana nia gani, yanatazama ukubwa wake tu. Hamira yote ilikufa Jumatatu ileile, naye siku mbili nzima anawanywesha maiti sukari.

"Mujinga miye!" akasema kwa sauti, machozi yakimlengalenga.

Akarudi Katuba kichwa chini, akapita kwa Chomba, muuza mayai ya kuchemsha. Wateja walikuwa wanamenya na kutupa maganda. Chileshe akasimama ghafla. Maganda ya mayai! Si kalsiamu hiyo?

"Yaya Chomba," akamwita kwa heshima ya ndugu mkubwa, "nipe hayo maganda."

"Maganda tu? Na mayai?"

"Mayai hapana."

"Mutoto ya université anaokota maganda!" Chomba akacheka. "Batu batasema nini?"

"Baseme."

Alhamisi aliyasaga, akayamwagia siki, yakafoka povu mpaka yakatulia, kalsiamu yake ikayeyukia humo. Akachuja, akadondoshea humo uji wake wenye hamira mpya. Shanga zilizotoka, usiombe uzione: zimepauka, laini, nyingine zina mikia, na zinanuka siki. Akazitia kwenye chupa ya maji ya sukari hivyohivyo.

Ijumaa, Profesa Mwansa aliitazama chupa mbele ya majaji wenzake wawili, akakunja uso. "Zile za buluu ziko wapi?"

Angeweza kusema zimemwagika, aibu ikaishia hapo. Akafungua mkoba, akazitoa, akaziweka mezani kando ya zile mbaya.

"Hizi zimekufa, Profesa. Miye njo niliziua. Shaba iliingia pamoja na sukari."

Kisha ndani ya chupa ya zile mbaya povu likachomoza, na shanga moja yenye mkia ikaanza kupanda, ikafika juu, ikaelea. Nyingine ikafuata. Majaji wote watatu waliinama kuchungulia.

"Hiyo habari ya shaba umeiandika?" Profesa aliuliza bila kuinua kichwa.

"Hapana, Profesa. Ni kosa."

"Miaka ine tunakufundisha nini kinapita na nini kinabaki, na hakuna hata mumoja wetu aliyeonyesha vizuri hivi." Akachukua kalamu, akaandika alama yake. "Hilo kosa liandike ukurasa wa kwanza. Halafu mwezi wa kumi urudi hapa, uwafundishe wanafunzi wangu."