Insha Iliyokubaliana na Kila Mtu

Mhadhiri wetu wa masomo ya jioni alinirudishia insha bila alama. Chini alikuwa ameandika kwamba nimekubaliana na waandishi wote wawili tuliopewa kusoma, ilhali mmoja anataka watoto wadogo wafundishwe kusoma mapema na mwingine anataka waachwe wacheze kwanza. Nilipewa nafasi ya kuiandika upya mara moja tu. Nikishindwa, narudia mwaka. Na mwaka ujao binti yangu, anayenishikia nyumba na wajukuu kila jioni nikiwa darasani, atakuwa amemfuata mumewe alikohamishiwa kazi. Kwangu mwaka ujao haukuwepo.

Nilikwenda kwa mkutubi, mama wa makamo kama mimi, asiyependa kelele hata za kiti. Nikamwomba kitabu kinachosema nani kati ya wale waandishi wawili yuko sahihi. Akanitafutia vitabu vingine viwili, navyo vikapingana. Nikamuuliza ni nani hufundisha kuchagua. Akasema hilo ni la mhadhiri. Nikamfuata mhadhiri, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, nikamweleza nilivyoambiwa. Akakuna kichwa. Akasema siku zote alidhani hilo hufundishwa maktaba.

Kesho yake, kabla watoto wa chekechea yangu hawajaletwa, nilipiga magoti katikati ya viti vyao vidogo. Sikumwomba Mungu jibu la insha, maana hiyo ingekuwa kuibia mtihani. Niliomba mhadhiri na mkutubi wakutane, basi.

Jioni hiyo tulikuta karatasi mlangoni: kipindi kimehamia maktaba. Nikashukuru kimoyomoyo, nikawahi kiti cha mbele.

Mkutubi alikuwa ametutolea nakala za makala moja, ile ya kusoma mapema. Mhadhiri akaisifu. Mkutubi akakunja mikono, akasema yeye ana mashaka nayo, kwa sababu mwandishi aliwachunguza watoto wa shule moja tu, tena wenye vitabu tele nyumbani. Mhadhiri akasema hata hivyo vipimo vyake ni safi. Mkutubi akamuuliza ni safi kwa watoto wa nani.

Sisi wa jioni ni watu wazima, tunajua maneno yanavyoanza. Dereva wa lori anayekaa nyuma yangu akaninong'oneza, "Bibi, anza kuomba. Wazazi wanagombana."

Nilikuwa nimeshaanza.

Mara mhadhiri akacheka, akamsogezea mwenzake kiti. "Hapo umenibana, dada. Lakini hili la vipimo sikuachii."

Nikafumbua macho. Kumbe walikuwa wanafurahia kubishana.

Mkutubi akatugeukia. "Mmeona? Hakuna aliyemvunjia mwandishi heshima. Tumemsoma kwa makini, basi." Kisha akanitazama. "Bibi, wewe unashinda na watoto wa umri huu. Ungemwambia nini?"

Mimi nimelelewa kuamini kwamba kilichochapishwa hakijibiwi. Nikamkumbuka mtoto mmoja pale chekechea kwangu, anayecheza duka na maboksi matupu. Hakuna aliyemkalisha kumfundisha herufi. Alizitaka mwenyewe, ili wateja wake wajue lipi ni sabuni na lipi ni chumvi.

"Ningemwambia," nikasema, "kwamba yeye na yule mwenzake anayetaka watoto wacheze kwanza wametenganisha kitu ambacho mtoto hakitenganishi."

Dereva akapiga meza kidogo. Mkutubi alimkazia macho, halafu akanivuta hadi kwenye kompyuta, tukatafuta kama kuna wengine waliowahi kuliona hilo. Walikuwepo. Mhadhiri akavuta kiti upande wa pili, akanionyesha namna ya kuwaita ndani ya insha kama mashahidi wa hoja yangu, kisha niseme langu mwenyewe bila kujificha nyuma yao. Nilikaa katikati yao hadi kipindi kikaisha, na sikumbuki kuangalia saa.

Insha ya pili ilirudi ikiwa na alama ya kufaulu. Pembeni, kwa penseli, palikuwa na maneno haya: "Mtoto mmoja wa duka hatoshi. Sikubaliani nawe. Njoo maktaba tubishane, mkutubi naye atakuwepo."

Nilimshukuru Mungu nikiwa nimesimama jikoni, karatasi mkononi. Binti yangu aliyasoma yale maneno, akaniuliza mbona nashangilia kupingwa.

"Nishikie wajukuu, mwanangu," nikamwambia, nikiwa tayari natafuta viatu. "Naenda kuwajibu."